Pilau ya Bondeni

Mimi si msemaji. Darasani mwalimu akiniuliza swali nilikuwa nasimama nikiangalia vidole vyangu vya miguu mpaka mwenyewe anachoka ananiambia kaa. Na jibu mara nyingi nilikuwa nalijua. Lilikuwa linafika hapa kooni, linageuka, linarudi lilikotoka. Ndiyo maana nikawa na daftari. Kila kilichonikwama mchana nilikiandika baada ya alasiri, nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, na daftari likijaa naliweka chini ya godoro naanza jingine. Sasa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na kwa kuwa sina kazi nimeyatoa yote nikayasoma. Haya yametoka katika daftari la kijani, la mwaka niliokuwa kidato cha pili.

Mwaka ule tuliletewa mwalimu mpya wa historia, mwanamke kijana kutoka bara, ambaye alikuwa bado anashika chuma cha feri kwa mikono miwili kila akivuka. Wiki ya kwanza akatuuliza: Likoni ilianza lini? Tukatazamana. Tulijua Wareno walifika lini na wakafukuzwa lini. Tulijua reli ilijengwa na nani na simba walikula nani. Likoni tulijua ni mahali tunapolala.

"Basi kila mmoja aniletee kitu kimoja kutoka kwao," akasema. "Kitu cha hapa, ambacho hakimo katika kitabu chochote. Ulizeni wazee. Kizuri tutakinakili katika daftari kubwa litakalokaa maktaba, na siku ya wazazi tutavisoma. Msipoandika nyinyi, nani ataandika? Mimi? Mimi hata kisima chenu sikijui kiko wapi."

Wenzangu walinung'unika. Mimi nilifurahi kimyakimya. Kuuliza watu sijui, lakini nyanya yangu haulizwi. Ukikaa karibu naye na kunyamaza, maneno yanakuja yenyewe.

Nyanya ni mama yake baba, na nyumba tunayokaa ni yake. Iko upande wa juu, karibu na kisima cha zamani, ndiyo maana watu wa upande wetu wanaitwa wa kisimani. Wa upande wa chini, kuelekea pwani, ni wa bondeni. Nilimwambia, "Nyanya, mwalimu anataka historia."

"Historia ya nini? Ya wafalme?"

"Ya hapa."

"Hapa hakukuwa na wafalme," akasema. "Tulikuwa sisi."

Akaniambia nivute sanduku lililo chini ya kitanda chake. Ndani, zimefungwa kwa leso iliyochakaa, zilikuwamo pembe nne za nyati, nyeusi, laini kama zimepakwa mafuta. Hizo ndizo za vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Zamani, kabla ya uhuru, kila upande ulikuwa na chama chake cha wanawake. Harusi ikiwa kwao walitoka wote wamevaa leso za namna moja, wakapiga pembe zile kwa vijiti na kuimba. Na vyama vilikuwa vinashindana. Mwaka huu hawa wanawaalika wale, wanawalisha, wanawachezea. Zamu ijayo wale wanalipiza kwa karamu kubwa zaidi. Na nyimbo za kupigana vijembe ndizo zilizokuwa utamu wenyewe.

Nyanya akaipiga pembe moja. Mama akapaza sauti kutoka jikoni. "Mama, taratibu! Baba watoto ametoka kazi ya usiku, amelala!"

"Mwanangu huyo nilimzaa kwa pembe hizi hizi. Haziwezi kumwamsha."

Kisha akaimba wimbo ambao nilikuwa naujua tangu sijaanza shule:

*Tumealikwa bondeni, sinia kufunuliwa,*
*Chini wali juu punje, kati yake majaliwa,*
*Mwenye meno atafune, kibogoyo kaonewa.*

Mama naye akaudaka kule jikoni. Nani asiyeujua? Tulikuwa tunarukia kamba wimbo huo. Sikujua hata siku moja kwamba ulikuwa na wali wa kweli ndani yake.

Nyanya akanisimulia. Wa bondeni waliwaalika wa kisimani. Wakaenda, wanawake kumi na mmoja, wakakalishwa mkekani kwa heshima, masinia ya pilau yakaletwa. Kumbe wali wa juu haukuiva. "Unatafuna, kru! Unatazama mwenzako, naye, kru! Na adabu hairuhusu kutema." Njiani kurudi wimbo ukatungwa, na aliyeutunga ni yeye nyanya. Haikupita wiki ulikuwa umeshavuka maji ukaenda mjini, na chama cha bondeni hakikutoka tena na pembe. Nyanya alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa leso.

Niliandika kurasa nne. Siku ya pili yake mwalimu aliniita nje ya darasa, macho yanamng'aa.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakitaka! Wasichana kumi na mmoja, leso za namna moja, pembe za nyanya yako, siku ya wazazi wataimba. Lakini nani alipika?"

Nikaangalia vidole vyangu.

"Tumesikia waliokula," akasema. "Hatujasikia aliyepika. Kama yu hai, mwendee."

Nilipomwuliza nyanya kama yule mpishi yu hai, akasema, "Yuko, si yule msuka mikeka karibu na msikiti mdogo," halafu akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Baada ya dakika mbili akaniuliza tena. Hilo nimeliandika katika daftari, ingawa siku ile sikujua kwa nini naliandika.

Jumamosi nikaenda bondeni. Nilipita mbele ya nyumba yake mara tatu kabla sijathubutu kupiga hodi. Alikuwa barazani, mwanamke mwembamba, mrefu hata alipokaa, mikono inasuka ukili wa mkeka bila ya yeye kuitazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

Nikamwambia. Mikono ikaendelea kusuka, lakini macho alinikazia muda mrefu.

"Wa kisimani."

"Abee."

"Nyanya yako hajambo?"

"Hajambo, bibi."

"Haya, keti. Nishikie miyaa hii."

Nikaketi, nikashika miyaa, majani yake ya kusukia. Nilikuwa nimejifunza maswali manne kwa moyo na yote yakapotea. Yeye akasuka. Sijui ni muda gani, lakini ukili uliongezeka kama shubiri moja. Mwisho akasema mwenyewe, "Umekuja kwa ajili ya wali."

"Abee."

"Nilijua iko siku atakuja mtu kuniuliza. Nilidhani atakuja mtu mzima." Akatabasamu kidogo, si kwa ubaya. "Andika basi. Si unaandika?"

Mama yake ndiye aliyekuwa mpishi wa shughuli zote za bondeni. Yeye alifunzwa tangu mdogo, na siku ile ya karamu ilikuwa mara yake ya kwanza kuachiwa masufuria yote matatu peke yake. Mawili yalitoka vizuri. La tatu, lile kubwa kuliko yote, lililokuwa la wageni, ndilo lililomwaibisha.

"Lakini nilipalia," akasema.

Kupalia kila mtu wa kwetu anakujua. Maji ya wali yakikauka, moto unapunguzwa chini, sufuria linafunikwa, na makaa mekundu yanarundikwa juu ya kifuniko, ili wali uive kwa moto wa juu kama wa chini. Bila ya makaa yale, wali wa juu unabaki punje.

"Nilipalia kwa mkono huu. Nilirundika makaa mpaka kifuniko hakionekani. Kisha nikaenda kuoga, maana mwenyeji hapokei wageni na masizi usoni. Niliporudi walikuwa wameshapakua, na nasikia kule mkekani watu wamenyamaza. Mwanangu, omba usisikie watu wakinyamaza na chakula chako mdomoni."

Nikaandika.

"Tangu siku ile sijapewa mwiko. Harusi, matanga, maulidi, nikifika naambiwa, bibi, njoo huku kwenye vitunguu. Hawaniambii kwa ubaya. Naambiwa na wasichana ambao mama zao walikuwa hawajazaliwa. Hawajui hata kwa nini. Wanajua tu kuwa mimi ni wa vitunguu. Binti yangu mwenyewe alipoolewa, wali wa harusi yake ulipikwa na wengine, na mimi mama mtu niko uani na kisu."

Akakata jani la mwaa kwa meno.

"Huo wimbo, mtauimba shuleni?"

"Abee."

"Mbele ya wazazi."

"Abee, bibi." Nilitamani ardhi inimeze.

"Waimbe. Ni wimbo mzuri, nyanya yako alikuwa na kichwa. Usipoimbwa, nani atakumbuka kuwa nilipata kuwapikia watu wa pande mbili? Lakini andika kwamba nilipalia. Hilo tu. Kilichotokea sikijui mpaka leo. Labda kuni zilikuwa mbichi, makaa yakafa upesi. Labda ni Mungu tu. Lakini nilipalia."

Nyanya hasomi maandishi yetu, anasoma ya msahafu, kwa hiyo kila nilichoandika juu ya mambo yake nilikuwa namsomea. Kumsomea yeye sikuona haya. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nikasoma. Nilipofika kwenye "lakini nilipalia", mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akainuka na ungo wake akaingia ndani. Siku ile tulikula wali wenye changarawe. Baba aliuma moja, akauliza, "Mchele huu kachambua nani?" na nyanya akatazama sahani yake.

Siku tatu alikuwa mkali kwa kila mtu. Alimgombeza mama kwa chumvi, akamgombeza kuku. Siku ya nne, mimi niko kwenye kizingiti changu baada ya alasiri, akaja akaketi pembeni yangu. Magoti yake hayapendi kukaa chini namna ile, kwa hiyo nilijua kuna jambo.

"Andika," akasema. Kisha akasema, "La, usiandike. Sikiliza kwanza."

Nikafunga kalamu.

"Tulifika kule jua kali, tumetembea, tunanuka jasho, na leso zetu mpya. Kiongozi wetu akasema, hatuketi na watu hawa mpaka tujifukize. Mlangoni kulikuwa na chetezo cha udi, lakini kimezimika. Nikakichukua nikaenda nacho uani kutafuta makaa. Hakuna mtu. Makaa ya chini ya masufuria yako ndani kabisa, yana moshi. Ya juu ya kifuniko mekundu, safi, yako karibu na mkono. Nikachota. Yeyote angechota. Nikarudi, nikafukiza watu wanne, makaa yakafa, nikaenda tena." Akasita. "Mara ya kwanza sikufikiri, wallahi."

"Na mara ya pili?"

Hilo ndilo swali pekee nililouliza bila kutumwa katika mambo haya yote. Alikuwa anavuta uzi uliotoka kwenye upindo wa leso yake, anauvuta, anauvuta.

"Mara ya pili niliona kifuniko kimeshaanza kuonekana upande mmoja. Nami nimefunzwa kupika, nikajua. Nikachota vivyo hivyo. Mara ya tatu nikayamaliza."

Nikamtazama.

"Usinitazame hivyo. Yale masufuria yake mawili mengine yalikuwa yananukia, mjukuu wangu, sijapata kunusa pilau kama ile, si kabla si baadaye. Na zamu iliyofuata ilikuwa yetu kualika. Na mpishi wetu nilikuwa mimi."

Kuku walikuwa wanachakura mbele yetu. Nilitaka kuuliza juu ya wimbo, sikuuliza, naye akajibu.

"Wimbo ulikuja wenyewe njiani. Watu walicheka, nikaona raha. Nilidhani utaimbwa wiki mbili."

Halafu akanishika mkono, mkono wake mkavu, akasema, "Usiandike. Nina umri huu, sijabakiwa na kitu ila jina."

Nitasema kweli, kwa sababu daftari ni langu. Siku ile sikumpenda. Na nilimwonea huruma papo hapo. Huyu ndiye aliyenifunza kusali, aliyenilalisha kwa hadithi nilipougua surua. Na kule bondeni yuko mtu aliyekata vitunguu zaidi ya miaka thelathini kwa sababu yake. Katika daftari la kijani ukurasa wa siku hiyo una mistari sita iliyofutwa kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka.

Shuleni mazoezi yalikuwa yameanza. Wasichana kumi na mmoja waliimba chini ya dirisha la maktaba, wakifika kwenye "juu punje" wanatafuna hewa na kukunja uso, na kila mtu anacheka. Nilimpa mwalimu ukurasa wa bibi wa bondeni. Akausoma mara mbili.

"Kwa hiyo alipalia, na wali haukuiva, na sababu haijulikani."

Nikatikisa kichwa, na mpaka leo sijui kama nilikuwa nakubali au nakataa.

"Basi tutaandika haijulikani. Naye aalikwe, ni haki yake."

Nilipofika nyumbani nikamwambia nyanya, "Mwalimu ameandika sababu haijulikani."

"Vizuri," akasema. Kisha akauliza, "Itasomwa hivyo?"

"Abee."

"Naye atakuwepo?"

"Amealikwa."

Akainuka akaenda kufungia kuku.

Wiki ya siku ya wazazi, akina mama walikutana barazani kwetu kugawana kazi za upishi, kwa sababu mama alikuwa katika kamati. Walikuja kama kumi hivi, wa juu na wa chini, wengine Waislamu wa hapa, na wawili Wakristo wa bara ambao waume zao wako bandarini. Mimi nilikuwa namimina chai. Nyanya alikuwa kwenye kiti chake pembeni, na karibu naye mwenzake mmoja wa zamani wa chama, ambaye sasa hasikii vizuri.

"Masufuria matatu ya pilau," mama akasema. "Moja langu. La pili la jirani. La tatu?"

"La tatu nipeni mimi," akasema mama mmoja wa bara.

"Wewe utatupikia pilau au githeri yenu ya mahindi na maharagwe?" Wakacheka wote, naye mwenyewe akacheka akasema, "Nyinyi ngojeni, mtalamba sinia!"

"Kachumbari?"

"Kachumbari watoto. Na vitunguu tumpe bibi wa bondeni, kama kawaida."

"Hapana," nyanya akasema. "Vitunguu mpeni mwingine. Yule mpeni sufuria."

Pakatokea kicheko. Mmoja akaanza, "Tumealikwa bondeni," mwingine akapiga makofi, wa tatu akaitikia, na nyanya akasema "Nyamazeni!" kwa sauti ambayo sijapata kuisikia. Chai ikanimwagikia kidoleni.

"Makaa niliyatoa mimi."

"Makaa gani, mama?" mama akauliza.

"Ya juu ya kifuniko. Siku ile ya wimbo. Alipalia, mimi nikayachota kwa ajili ya udi, mara tatu, na mara mbili nilikuwa najua ninachofanya. Yule anajua kupika kuliko mimi, na kuliko nyinyi nyote hapa, na mnampa kisu cha vitunguu."

Mmoja alicheka kidogo akidhani ni mzaha, akaona wengine hawacheki, akanywa chai. Mwenzake nyanya akamvuta jirani mkono. "Amesema nini?"

"Amesema makaa aliyatoa yeye!" jirani akamwambia sikioni.

Mwenzake huyo akageuka, akamtazama nyanya toka juu mpaka chini. "Laa! Kumbe nilinukia udi kwa wali wa watu! Na meno yangu je, niliyoumiza siku ile?"

Hapo wakacheka, lakini kicheko cha chini, cha watu ambao hawajui waweke wapi macho. Mama akaiweka birika chini polepole. "Basi sufuria la tatu ni lake," akasema, na yule mama wa bara akasema, "Mpeni, mpeni, mimi nitamsaidia kuni." Mmoja akauliza nani atakwenda kumwambia.

"Mimi," nyanya akasema. "Na huyu atakuja na daftari."

Tukaenda saa ile ile. Nyanya alivaa buibui lake la kutokea. Njiani alipumzika mara mbili na mara zote mbili nilidhani atageuka. Bibi wa bondeni alikuwa pale pale, na ukili ulikuwa umekuwa mrefu sana, umezungushwa miguuni pake.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Karibuni."

Nyanya akaketi. Akauliza habari za afya, za watoto, za mvua, za afya tena. Kisha akanigeukia. "Msomee."

Mimi? Nilimtazama, naye akatazama chini, na nikaelewa kuwa hataweza. Nikafungua daftari. Nilikuwa nimeandika, ndiyo, usiku ule ule alioniambia nisiandike, baada ya ile mistari sita, na kumbe nyanya alijua. Nikasoma yote, jasho, chetezo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine, lakini ilitoka.

Nilipomaliza, mikono ya bibi ilikuwa imeacha kusuka.

"Mara tatu," akasema.

"Mara tatu," nyanya akaitikia.

"Kwa chetezo changu mimi."

"Chako."

"Mimi nikadhani ni kuni mbichi. Nilimgombeza muuza kuni mpaka akahama mtaa, maskini." Akashusha pumzi. "Wewe, tulisoma chuoni juzuu moja."

"Nakumbuka. Nimekuja kukuomba radhi."

"Leo siitoi."

"Usininyime kabisa."

"Sikusema kabisa. Nimesema leo." Akauokota ukili wake. Nyanya alikuwa analia, bila ya sauti, na bibi akamwacha alie, hakumwambia nyamaza. Alisuka ukili kama urefu wa vidole vitatu hivi, kisha akauliza, kana kwamba anauliza bei ya samaki, "Hiyo karamu ya shule, ni masufuria mangapi?"

"Matatu. Moja lako."

"Mchele wa nani?"

"Wa kamati."

"Nitauona kwanza."

Siku ya wazazi wasichana waliimba vizuri sana, pembe zikalia, watu wakatafuna hewa pamoja nao. Halafu nikaitwa mimi. Nilipoanza, watu wa nyuma wakapiga kelele, "Sauti!" na nikadhani nitakufa pale. Mwalimu akaja akasimama karibu yangu tu, hakunigusa. Nikasoma tena tangu mwanzo. Nilipofika mahali pa makaa vichwa vikageuka, safu kwa safu, kumtafuta nyanya, naye alikuwa ametazama mbele, kidevu juu, mikono imeshikana mapajani. Mzee mmoja alicheka. Peke yake. Akanyamaza. Neno "haijulikani" mwalimu alikuwa ameshalikata kwa wino mwekundu katika daftari kubwa, na chini yake ukurasa wangu ukabandikwa.

Chakula kilikuwa nyuma ya madarasa. Bibi wa bondeni alikuwa hapo tangu alfajiri. Yule mama wa bara aliniambia kwamba hakuondoka pale kwenye sufuria hata mara moja, si kwa chai, si kwa kusikiliza wimbo. Sala ya adhuhuri aliisali palepale kwenye mkeka. Mwalimu mkuu alikuja kuomba kaa la kuwashia sigara, akafukuzwa kwa mwiko.

Watu wakapanga foleni na sahani. Angeweza kuletewa mezani pamoja na wazee, lakini nyanya alipanga foleni nyuma ya wanafunzi, nami nyuma yake. Zamu yake ilipofika, bibi wa bondeni hakuzamisha upawa. Alikwangua wali wa juu juu tu, akamjazia sahani.

"Huu ni wa juu. Onja hapa hapa."

Nyanya akaonja. Watu wote waliokuwa karibu wakaacha kuzungumza.

"Vipi?"

"Umeiva," nyanya akasema.

"Sema wasikie."

"Umeiva!"

"Haya, sogea," bibi akasema, "kuna watu nyuma yako," akaninyooshea mkono nimpe sahani yangu.